Nani Anaanguka Humu Ndani?

Asubuhi hiyo Fundi hakupiga chafya.

Ni jambo dogo, na katika nyumba nyingine lingepita. Lakini karakana ya magodoro bila chafya ni kama jiko bila moshi. Sufi ikipigwa kwa fito huruka, hujaa puani, hukaa kwenye kope, huelea mpaka kwenye chai. Tangu arithi kazi ya baba yake, Fundi alikuwa akianza siku kwa chafya za mfululizo zenye matusi katikati, na majirani walijua kwazo kwamba kumekucha. Siku hiyo alikaa katikati ya vumbi jeupe, anachambua sufi, kimya, na haikumtua mwilini hata unyuzi mmoja. Ilimfikia, ikamzunguka, ikaenda zake.

Mkewe, aliyekuwa mlangoni akishona kava la godoro, alisimamisha sindano.

"Kipara," akamwita mpiga sufi, "bosi wako ana nini leo?"

"Amepona," Kipara akajibu. "Furahi, shemeji. Leo nimekunywa chai yangu bila kutemewa."

Mke huyo watu walimwita Shazia, jina la ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na neno lake likikuingia linatokea upande wa pili. Alikuwa na kifafa tangu utotoni na hakukificha. Siku ambayo Kipara aliajiriwa, Shazia alimkalisha chini akamwambia yote.

"Kichwani mwangu kuna umeme, kama ulio kwako. Wangu wakati mwingine unapiga shoti. Nitaanguka, nitatetemeka, nitatoka povu. Usinikandamize, usinitie kijiko mdomoni, usinimwagie maji. Nilaze ubavu, niwekee kitu laini chini ya kichwa, usubiri kipite. Kikikawia kupita, au vikianza kufuatana, hospitali mbio. Umeelewa?"

Kipara alitazama milima ya sufi iliyowazunguka. "Kitu laini? Shemeji, wewe umejua pa kuolewa."

Walicheka mpaka Fundi akaja kuuliza kama amewaajiri wachekeshaji.

Shazia alimeza vidonge asubuhi na jioni, na ulikuwa umepita muda mrefu bila kuanguka. Daktari alikuwa amemwonya jambo moja, tena na tena, kama anayefundisha kasuku: asivikatishe ghafla. Vikikatishwa, kifafa hurudi na hasira, kimoja juu ya kingine, bila nafasi ya kuvuta pumzi, na mtu hufa hivyo.

Sasa, kuhusu godoro.

Kila kazi ina mwiko wake. Mpiga sufi hufungua godoro kuukuu, hutoa sufi iliyolala, huipiga ikafufuka, huirudisha. Lakini sufi ya godoro alilofia mtu haipigwi. Huchomwa nje, moshi ukielekea mbali na nyumba. Siku moja kabla ya asubuhi ile, familia moja ilileta godoro la bibi yao aliyeugua juu yake mpaka akakata roho, na walisema hivyo waziwazi. Kipara aliweka fito zake chini.

"Hiyo mimi sigusi."

"Itazame kwanza!" Fundi alikuwa amezamisha mikono mpaka viwikoni. "Sufi ya zamani, nyeupe, imeshiba. Unachoma hii? Wewe una kichaa? Maiti ana haja gani na sufi?"

Akaipiga mwenyewe. Akaichanganya na lundo kubwa la karakana. Jua lilipowaka sana akajitupa juu ya lundo hilo, akasinzia. Shazia alipompelekea chai alimkuta amelala chali, mikono imenyooka ubavuni, mdomo wazi. Sufi iliyokuwa karibu na midomo yake ilikuwa ikiingia ndani, taratibu, unyuzi baada ya unyuzi. Wala hakukohoa.

Watu hupenda kusema jini hutembea usiku. Huyu hakujisumbua kusubiri giza. Alifanya mambo yake mchana, madirisha yakiwa wazi, watu wakipita barabarani na mikate yao.

Harufu ilitangulia. Harufu ya chumba cha mgonjwa aliyelala muda mrefu: jasho lililochacha, mafuta ya kuchulia, mkojo, na juu yake utamu kidogo, kama tunda lililoanza kuoza. Waliosha sakafu, wakaosha tena. Kipara alitapika nyuma ya nyumba, akarudi akisema ni kiporo, na hakuna aliyemwamini. Kisha yakaja magodoro. Yalikuwa yamesimamishwa ukutani, mapya, na moja likawa na bonde katikati: kichwa, mabega, nyonga, visigino. Kipara aliweka kiganja kwenye bonde lile la kichwa akakiondoa haraka.

"Pana joto," akanong'ona. "Shemeji, pana joto la mtu."

Wiki haikuisha, mwuza nguo wa mtaa wa pili alirudisha lake, limebebwa na wanaume wawili waliokuwa wakilishika kwa ncha za vidole.

"Rudisheni hela au msirudishe, shauri yenu, ila hili silali tena," alisema.

"Lina nini, dada?" Kipara akauliza.

"Nikijigeuza, linajigeuza. Nikasema nimechoka tu. Jana nimekaa ukingoni nafunga viatu, likanisogezea nafasi. Mume wangu wa miaka yote hajawahi kunisogezea nafasi!"

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Lakini Shazia hakuwa akitazama magodoro. Alikuwa akimtazama mumewe. Fundi hakuwa mtu wa maneno matamu. Mapenzi yake yalikuwa kelele: "Wewe mwanamke utaniua!" huku anamwekea mto chini ya kichwa na kumfuta povu kwa shati lake mwenyewe. Sasa alisema "mke wangu" na "tafadhali" na "pole sana." Na kila alipozungumza, midomo ilitangulia, sauti ikafuata nyuma kidogo, kama mtu anayesemewa na mwingine aliyekaa mbali. Siku ya kwanza ya mabadiliko hayo alikuwa amemkaribia jikoni, akamwekea viganja viwili kichwani, akavikandamiza, akafumba macho kama anayesikiliza ukutani. Kisha akarudi nyuma kwa kishindo na kufuta mikono kwenye suruali. Tangu hapo hakumgusa.

Aliyeleta swali ndani ya nyumba alikuwa mama yake Fundi. Aliishi nao, chumba cha pili, na harufu ilikuwa imemfuata mpaka kwenye shuka zake. Aliwakusanya mchana karakanani, akakaa juu ya kiti kama hakimu.

"Jini yumo," akasema. "Hilo mtoto mdogo anajua. Mimi nauliza moja tu. Nani anaanguka humu ndani?"

Kipara akatazama miguu yake. Fundi akatazama mkewe, kwa huruma iliyopakwa kama rangi.

"Mama," Shazia akasema, akijizuia, "naomba unisikilize. Kifafa changu kina harufu yake. Kabla sijaanguka nasikia mpira unaungua. Naisikia mimi peke yangu. Ukikaa hapa ubavuni mwangu hutanusa kitu, kwa sababu haiko chumbani, iko kichwani mwangu. Hii ya sasa mnaisikia nyote. Mteja ameisikia. Kipara imemtapisha. Itakuwaje yangu?"

Lilikuwa neno lililonyooka, na kwa muda kidogo lilimwingia mama mkwe. Uso ulilegea, akavuta hewa kwa pua, akafikiri. Shazia angeishia hapo. Lakini alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza.

"Na tangu ile sufi iingie, mimi sijaanguka. Aliyebadilika ni mwanao."

Kofi lilimkuta kabla ya nukta.

"Mwanangu? Mwanangu nimemzaa mimi, nimemwosha mimi, namjua mpaka kovu la goti! Wewe ndiye uliyekuja humu na jini kwenye begi, tukakuvumilia, tukafuta makamasi yako, leo unamtupia mwanangu? Huyu anayekulisha?"

"Mama, usimpige," Fundi akasema kwa upole. "Si yeye anayesema. Tumwite mtaalamu."

Mtaalamu alikuja keshoye. Mtu mfupi, viatu vinang'aa, anayeongea kama ana wateja wengine wanaomsubiri. Hakuuliza habari ya godoro. Hakuingia kunusa lundo. Aliuliza swali lile lile la mama mkwe, wakamwonyesha Shazia, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona gari bovu na kujua mara moja ni injini.

"Anameza nini?"

"Vidonge vya hospitali," Fundi akasema, na safari hii midomo na sauti vilikwenda pamoja.

"Basi ndiyo hapo. Vidonge vinamlaza jini. Jini aliyelala hasemi, na asiyesema hafukuziki. Vikome. Ataamka, atajitaja, nitamtoa."

"Nitakufa," Shazia akasema. "Si maneno ya kuwatisha. Daktari amesema. Vikikatishwa ghafla nitakufa. Nifukizeni, nichanjeni, niombeeni, fanyeni mtakalo, lakini niacheni na vidonge vyangu."

"Mnamsikia?" Mtaalamu akawaambia wengine, wala hakumgeukia. "Anatetea chakula chake."

Na hapo Shazia alielewa shimo alimotupwa, kwa sababu tangu dakika ile kila alichosema hakikuwa chake: akilia, jini analia, akinyamaza, jini anajificha, akisema kweli iliyonyooka kama rula, jini ni mjanja.

Mama mkwe alimimina vidonge chooni kwa mkono wake. Shazia wakamfungia stoo, mle mlimowekwa mikeka na makava, penye kidirisha kimoja cha nyavu. Kutwa ya kwanza hakikutokea kitu. Kesho yake mchana Kipara alipita chini ya kidirisha na kusikia jina lake.

"Kipara. Nimeanza kusikia mpira."

"Shemeji..."

"Usilie, huna muda. Nenda kliniki, useme ni mimi, wananijua. Lete vidonge. Vipitishie hapa kwenye wavu, utoboe. Kimbia."

Alikimbia. Hilo Kipara asinyimwe. Mtu mzima mwenye kitambi alikimbia mpaka kliniki, akafoka kwenye foleni, akapewa. Aliporudi, Fundi alikuwa amesimama mbele ya kidirisha, mkono umenyooshwa, anatabasamu.

"Pole kwa safari. Nipe, nimpelekee mke wangu."

Ni mumewe. Ni mwenye nyumba. Na aliomba kwa adabu. Mkono wa Kipara ukatoa kabla akili haijakataa. Fundi alifungua pakiti, akamimina vyote kinywani, akavitafuna kama karanga, taratibu, akimwangalia Kipara machoni, na unga mweupe ukimtoka pembeni mwa mdomo. Ndani ya stoo kitu kikaanguka chini kwa uzito, na visigino vikaanza kupiga sakafu.

"Ameamka," Fundi akasema. "Mwite Mtaalamu."

Walimtoa na kumlaza katikati ya karakana. Kipara alimfuata mama mkwe mpaka mlangoni akimnong'oneza alichokiona, vidonge, utafunaji, macho, na mama mkwe akamwambia akitaka kazi afunge mdomo na mlango. Akafunga vyote viwili. Fundi aliikalia miguu ya mkewe. Mama alishika mikono. Mtaalamu alifukiza ubani kwenye chetezo, moshi ukapanda, ukakutana na vumbi la sufi lililokuwa likielea kwenye mwali wa jua, na hewa ikawa nzito kama kitambaa.

Kifafa cha kwanza kilipita. Shazia alifungua macho, hajui yuko wapi, ulimi umevimba.

"Jina lako nani?" Mtaalamu akafoka.

"Dawa," akasema. "Nipeni..."

"Jina, si chakula!" Akaokota fito ya kupigia sufi, ile nyembamba inayolia hewani, akamchapa nayo mapajani. "Umeingia lini? Unataka nini?"

Cha pili kilikuja kabla hajamaliza kuuliza. Mama mkwe, ambaye kwa miaka aliona jinsi mwanawe alivyokuwa akimgeuza ubavu na kungoja, sasa alichukua kijiko cha chuma akakisukuma kati ya meno kwa sababu Mtaalamu alisema jini asije akameza ulimi, na jino likavunjika kwa sauti kavu, na damu ikaingia kwenye povu. Kipara alipiga kelele: "Mgeuzeni! Mgeuzeni ubavu, anapaliwa!" Mtaalamu akamnyooshea fito bila kugeuka, akamwambia kwamba jini akitoka humrukia anayesema, na Kipara akajibana ukutani kati ya magodoro mawili, viganja mdomoni, mgongoni akisikia kitu kikimpumulia kupitia kava.

Cha tatu kikaja juu ya cha pili, na baada ya hapo hapakuwa tena na namna ya kusema kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi, mwili ulikuwa ukikakamaa na kutupwa na kukakamaa, midomo ikigeuka rangi ya wino, na fito ikishuka na kushuka kwa mdundo ule ule wa kupiga sufi, na Mtaalamu akiuliza jina, jina, jina, na moshi ukizidi, na magodoro yote yaliyosimama ukutani yakianza kuvuta pumzi kwa pamoja, yakivimba na kunywea, na harufu ile ya kitanda cha mgonjwa ikijaa mpaka mama mkwe akawa analia bila kujua analia, huku ameng'ang'ania mikono ya mkwewe ambayo haikuwa ikimvuta tena, haikuwa ikimsukuma tena, ilikuwa imelegea viganjani mwake kama glavu.

Mtaalamu alifuta jasho. Alitazama kifua cha Shazia, akatazama pembeni, na ungeweza kuona alivyokuwa akitafuta neno la kufunikia.

"Ametoka," akasema. "Mwili ulikuwa dhaifu, lakini jini ametoka. Ewe uliyetoka, nakuamuru, toa ishara umekwenda."

"Nimekwenda wapi?"

Ilikuwa sauti ya bibi kizee, iliyochoka, yenye makohozi. Ilitoka kwa Fundi. Bado alikuwa amekaa juu ya miguu ya mkewe.

"Nakuuliza wewe wa viatu," sauti ikasema. "Nimekwenda wapi? Huyu sikuwahi kuwa ndani yake. Nilijaribu siku ya kwanza. Nikaweka mikono nikasikiliza. Kichwa gani kile? Umeme mtupu, radi juu ya radi. Nani ataishi humo?" Alishuka, akaivuta kanga ya Shazia ikafunika magoti, kwa uangalifu, kama mtu mwenye heshima zake. "Yeye peke yake ndiye aliyenijua. Nikawa nawaza nitamwondoaje. Kumbe mnao utaratibu."

Magodoro yalitulia.

Mtaalamu, kwa uoga au kwa aibu, hakuna ajuaye, aliiokota ile fito iliyolowa.

"Basi ni huyu," akasema. "Mshikeni huyu! Mama, shika mikono. Kipara, kaa miguuni. Tumlaze, haraka, kabla hajapata nguvu!"

Mama mkwe aliruka. Uzee wote ulimtoka. Aliruka juu ya maiti ya mkwewe akasimama mbele ya mwanawe, mikono imetandazwa, macho yamemtoka.

"Usimguse!" akapiga ukelele. "Thubutu! Fito hiyo imguse mwanangu nikutoe roho! Mwanangu hana jini, unasikia? Mwanangu anaumwa! Ni ugonjwa tu, ni kichwa tu, watu wanaugua, kuna dawa zake! Huyu hapigwi! Huyu nampeleka hospitali!"

Nyuma yake, yule aliyekuwa ndani ya Fundi alimwekea kidevu begani, kama mtoto aliyetoka usingizini, akamzungushia mikono kiunoni.

"Msikilizeni mama," akasema. "Mama anajua."

Na mama mkwe, bila kugeuka, akaushika ule mkono, akaupapasa.